Kamera Gani kwa Mama wa Makangale?

Mwezi huu tunayaweka kando mambo ya chanjo, uji wa mtoto na shinikizo la damu ambayo mmezoea kuyakuta katika ukurasa huu. Kuna barua mezani petu iliyotoka Makangale, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, nasi tumeona tuijibu hadharani maana inawahusu wengi.

Aliyeandika ni mama wa watoto wanne, Mkristo mwenzetu kutoka Bara, aliyemfuata mumewe aliyehamishiwa huko kikazi. Zamu yake ya upatu imefika. Anataka kununua kamera. Si simu yenye kamera, bali kamera yenyewe, ya dijitali, ya aina ya SLR. Anataka kupiga picha za mandhari, kwa kuwa amezungukwa na msitu na bahari, na pia picha za watu wakiwa katika shughuli zao barabarani, sokoni na pwani. Mumewe amemwuliza: mama wa watoto wanne na kamera, wapi na wapi? Naye anatuuliza sisi maswali mawili. Anunue ipi? Na je, anakosea?

Tuanze na la pili, maana lisipotatuliwa, la kwanza halina faida. Fedha ya upatu ni jasho la mama, lakini nyumba ni ya watu wawili. Ada za shule, akiba ya ugonjwa na madeni, kama yapo, yatangulie. Kikibaki kitu, mama akae na mumewe wakubaliane kiasi, na kiasi hicho kisipande wakifika dukani. Hayo tukishayasema, tuseme na jingine: baba akinunua redio kubwa au pikipiki ya pili, hatujasikia mtu akiuliza wapi na wapi. Mungu alimpa mama macho mawili kama alivyompa baba, na kuyatumia kuutazama uumbaji wake si anasa. Tunamwonya jambo moja tu: asikope akitarajia kwamba kamera italipa deni kwa picha za harusi na za pasipoti. Biashara hiyo ina wenyewe, nao sasa wanalalamika kwamba kila mtu ana simu.

Haya, tuje kwenye mashine. SLR ni kamera yenye kioo ndani. Mwanga huingia kwa lenzi, hugonga kioo hicho na kupanda hadi kwenye tundu la kuchungulia, hivyo jicho lako huona kile kile ambacho lenzi inakiona. Ukibonyeza, kioo hunyanyuka, pazia dogo liitwalo shata hufunguka, na mwanga huangukia kihisi, ambacho ndicho kilichochukua nafasi ya filamu ya zamani. Ule mlio mnaousikia ni kioo na shata vikifanya kazi. Lenzi nayo hufunguliwa ikafungwa nyingine kulingana na kazi.

Kwa muda mrefu kamera za dijitali za namna hii zilikuwa za magazeti na za matajiri. Mwaka 2003 Canon walitoa EOS 300D, ya megapikseli 6.3, kwa dola 899 za Kimarekani bila lenzi, na hapo mlango ukafunguka kwa watu wa kawaida. Nikon wakafuata na D70 mwaka 2004. Leo mambo yamegeuka tena. Kampuni hizo mbili zimehamishia nguvu zao katika kamera zisizo na kioo, na wapiga picha wengi wa Ulaya na wa nchi za Ghuba wanauza zile za kioo wapate kununua za kisasa. Kwa mama mwenye fedha ya upatu hiyo ni neema, maana kamera nzuri iliyotumika, nzima na safi, imekuwa rahisi kuliko wakati wowote uliopita.

Lakini je, simu haitoshi? Kwa akina mama wengi inatosha, wala hatuoni haya kusema hivyo. Tofauti iko mahali pawili. Kihisi cha SLR ya kawaida kina upana wa milimita 23 kwa 15 hivi, sawa na stempu ya barua, wakati cha simu ni kidogo kama ukucha. Mwanga ukiwa hafifu, kihisi kikubwa hukusanya mwanga zaidi na picha haiji na chenga. Tofauti ya pili haiandikwi kwenye boksi. Picha ya simu husambaa kwa kugusa kidole, kabla hujatafakari. Picha ya kamera hukaa kwenye kadi mpaka ufike nyumbani, ukae, uitazame, uamue. Kwa kazi anayoitaka mama huyu, ucheleweshaji huo una thamani kubwa, na mtaona sababu hapo mbele.

Mandhari ya Makangale yanadai nini? Tazameni ramani. Rasi ile ina bahari pande mbili. Upande wa mashariki kuna Vumawimbi, ufukwe mrefu wa mchanga mweupe, na huko ndiko jua hutokea. Upande wa magharibi kuna Verani, na huko ndiko jua huzama. Kwenye ncha ya kaskazini, Ras Kigomasha, umesimama mnara wa taa wa chuma uliojengwa mwaka 1900. Na katikati, barabara itokayo Konde hupita ndani ya Msitu wa Ngezi, msitu wa asili mkubwa kuliko yote iliyobaki Pemba. Ni watu wachache duniani wanaoweza kupiga picha ya jua likichomoza, la msitu na la machweo kwa siku moja kwa baiskeli.

Kwa picha hizo hahitaji megapikseli za kutisha. Wauzaji hupenda sana kutaja hesabu hiyo, kama mwuza nguo anayekutajia idadi ya vifungo. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, ikichapwa kwa ubora wa juu, inahitaji megapikseli 9 hivi. Kamera ya 16 au 24 ina ziada ya kutosha kukata kingo na bado ikatoka vizuri. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ya milimita 18 hadi 55, watu huidharau kwa sababu ni ya plastiki. Sisi hatuidharau. Kwenye milimita 18 inaona upana wa kutosha kuumeza ufukwe na mawingu yake, na ukiziba tundu lake hadi kwenye namba 8 inatoa picha kali kingo hadi kingo.

Fedha atakayookoa aiweke kwenye stendi ya miguu mitatu. Hapo hatutaki mjadala. Ndani ya Ngezi, chini ya mivule na michikichi, hata saa tano asubuhi mwanga ni wa jioni. Shata italazimika kukaa wazi nusu sekunde au zaidi, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia kiasi hicho, hata wa mama aliyezoea kushika sindano. Stendi isiwe ya kitoto inayotikiswa na upepo wa kusi. Na kama ni nyepesi, mfuko wenye mawe uning'inizwe katikati yake. Kitu cha pili ni kichungi cha kukata mng'ao, kinachofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa. Majani yaliyolowa mvua hung'aa meupe katika picha hata ukijani ukapotea. Kichungi hiki huurudisha. Juu ya maji hufanya vivyo hivyo, hata mtu akaona mchanga na majani ya bahari chini.

Ufukweni aangalie mwezi kama wavuvi wanavyouangalia. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana na kuacha mchanga uliolowa unaoakisi mbingu kama kioo. Wakati wa maji mafu hapati picha hiyo. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupanda haraka. Mwanga laini wa asubuhi ni wa kama saa moja tu, kisha unakuwa mkali. Mama anayeamka saa kumi na moja kuwasha moto wa chai ana nafasi nzuri kuliko mtalii, mradi apate mtu wa kuangalia sufuria.

Mchanga ule mweupe una mtego wake, nao umewakatisha tamaa wengi. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kimefundishwa kwamba ulimwengu, ukichanganywa wote, una rangi ya kijivu cha kati. Kikiona mchanga mweupe kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza. Matokeo yake mchanga unatoka wa kijivu, na mtoto wako aliyesimama juu yake anatoka mweusi kama kivuli, macho hayaonekani. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ongeza moja, tazama picha, ongeza tena ikibidi. Ukimpiga mtu mweusi aliyekaa mbele ya mlango wenye giza, kipimo hukosea kwa upande wa pili: kinaongeza mno, na uso unakuwa kama uliopakwa majivu. Hapo punguza.

Wala msidhani kwamba ubaya wa picha zetu za zamani ulikuwa wa nyuso zetu. Kampuni ya Kodak kwa miaka mingi iliwapelekea wenye maabara ya kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyoitwa 'Shirley', wapimie rangi kwa ngozi yake. Miaka ya 1990 ndipo zilipotoka kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kamera ya dijitali imetupunguzia taabu hiyo, hasa ukiiamuru ihifadhi picha mbichi, yaani faili lenye taarifa zote za kihisi kabla kamera haijazibana. Lakini mwanga bado ni bora kuliko kompyuta. Mpige mtu kivulini barazani, mbele ya uwanja wa mchanga uliopigwa na jua. Mchanga humrudishia mwanga usoni taratibu, na ngozi yetu hung'aa kwa uzuri ambao hakuna flashi inayouweza.

Sasa tunafika kwenye lile la pili aliloliandika, picha za watu. Hapa ndipo tunataka atusikilize zaidi.

Picha za mitaani ziliandikiwa vitabu na watu wa miji mikubwa, ambako mpiga picha hupita, hupiga na kupotea katika umati. Makangale hakuna umati wa kupotelea. Kila anayepita barabarani anakujua, anamjua mumeo, anajua mtoto wako yuko darasa la ngapi. Karibu watu wote ni Waislamu, na sisi tulio wachache tunaishi kwa wema wao: ndio waliotuazima kinu, ndio waliokuja tulipofiwa. Picha moja iliyopigwa vibaya inaweza kufunga milango ambayo mama mwingine aliifungua kwa miaka.

Kwa hiyo shauri letu linaanzia kwenye lenzi. Asinunue lenzi ndefu, zile za milimita 55 hadi 300, kwa ajili ya kupigia watu. Muuzaji atamwambia kwamba kwa lenzi hiyo anaweza kumpiga mtu picha kutoka mbali bila kujulikana. Ndiyo hasa sababu asiinunue. Wageni wanaosimama juu ya mchanga na kuwalenga akina mama wa mwani walioinama majini, sketi zimelowa hadi kiunoni, huwa na lenzi hizo. (Popo wa Pemba, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani humo, anastahili lenzi ndefu, kwake tunaruhusu.)

Anunue lenzi fupi isiyovuta: milimita 35 kwa Nikon, au milimita 24 kwa Canon. Katika kamera hizi lenzi ya 35 huona takribani kama jicho la binadamu linavyoona likitulia. Ni ndogo, nyepesi, haitishi mtoto. Yenye tundu la 1.8 hupokea mwanga mwingi, hivyo inafanya kazi hata jikoni na barazani wakati wa magharibi. Lakini sababu yetu kubwa ni nyingine. Kwa lenzi hiyo huwezi kumpiga mtu vizuri mpaka umsogelee hatua tatu au nne, na ukimsogelea mtu Pemba kiasi hicho ni lazima umsalimie. Shikamoo bibi. Umeamkaje. Habari za wagonjwa. Hapo mazungumzo yameanza, na picha, kama itakuwepo, itatoka ndani yake. Hata Bwana wetu alipokutana na yule mwanamke Msamaria kisimani, alianza kwa kuomba maji.

Sisi wauguzi tunalijua neno ridhaa kwa sababu tunalitumia kila siku. Kabla ya sindano unaeleza, unasubiri jibu. Na tumejifunza wodini kwamba mgonjwa aliyenyamaza hajakubali. Pengine amechoka, pengine anaogopa kanzu nyeupe. Na kamera kubwa nyeusi ni kama kanzu nyeupe. Bibi wa miaka sabini akimwona mke wa ofisa ameshika chombo kile, anaweza kunyamaza kwa adabu tu. Basi mama amwonyeshe kamera, amwambie ni ya nini, picha itakaa wapi, nani ataiona. Bibi akijifunika uso kwa kanga, jibu limetolewa. Akicheka na kusema ngoja nivae vizuri, jibu limetolewa pia, na asimharakishe.

Wazee wetu wa Zanzibar walikuwa na picha za namna mbili, nasi tungependa mama huyu achague kati yake. Zamani za ukoloni studio za Unguja ziliuza kadi za posta zenye wanawake wa pwani. Wamekaa, wamesimama, wamesukwa nywele, na chini limeandikwa kabila au neno la kusifia sura. Jina la mwanamke hakuna. Kadi hizo zimesafiri hadi Ulaya na zinauzwa hata leo, wala hakuna ajuaye wale walikuwa bibi za nani. Halafu kulikuwa na studio kama Capital Art ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye kuendelezwa na mwanawe Rohit. Huko watu walikwenda kwa miguu yao. Walivaa walichokitaka, wakaleta mtoto, saa au shada la maua walilolipenda, wakasimama walivyotaka wakumbukwe, kisha wakaondoka na picha yao. Barabarani Makangale hakuna studio, lakini uchaguzi ule unaweza kubaki kwa anayepigwa.

Mambo mengine tuyapitie haraka. Asipige watu wakitawadha au wakisali, wala msiba. Kituo cha afya asikitie kamera kabisa, hata kama nesi ni rafiki yake. Mgonjwa aliyepanga foleni hakuja kupigwa picha. Watoto wakiogelea bila nguo awaache waogelee. Watoto wakiwa wamevaa, mama zao waulizwe, si wao, maana mtoto hukubali kila kitu chenye kitufe. Na kabla ya kuanza amwone sheha, ajitambulishe na kazi yake, ili maneno yakizuka yamkute mzee ana habari. Ngezi ni hifadhi. Aripoti kwenye ofisi ya msitu iliyo barabarani kabla ya kuingia.

Basi tutaje mashine kwa majina. Chaguo letu kwake ni Nikon D3500, iliyotoka mwaka 2018. Haiundwi tena, lakini iliyotumika inapatikana. Ina megapikseli 24, na mwili wake bila betri una gramu 365, pungufu ya nusu kilo ya sukari. Betri yake kwa kipimo cha kiwanda hutoa picha 1,550. Canon EOS 2000D ya mwaka huo huo hutoa 500 hivi, na nyingi zisizo na kioo hutoa 300 au 400. Pemba iliungwa na umeme wa Bara mwaka 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, lakini umeme hukatika, na mama anayejua kwamba betri itakwisha wiki ijayo ana amani kuliko anayeihesabu kila saa. Canon 2000D nayo si mbaya. Akiipata kwa bei nzuri aichukue, anunue na betri ya pili.

Kuna jambo moja la Nikon ambalo wauzaji hawasemi. Kamera za D3000 na D5000, na ndugu zao wote wa namba hizo, hazina mota ya kulengea ndani ya mwili. Lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota yao zitafunga vizuri, ila utalazimika kulenga kwa kuzungusha mkono. Atafute lenzi iliyoandikwa AF-S. Canon hawana tatizo hilo. Lenzi zao zote za EF zina mota. Mtu mwenye mkono imara anaweza kutafuta Nikon D7200 ya mwaka 2015, yenye mota na iliyokazwa dhidi ya vumbi, lakini ni nzito karibu mara mbili, na kamera nzito hubaki nyumbani.

Akienda kununua iliyotumika, Darajani, Kariakoo au kwa kuletewa na jamaa wa jirani aliyeko Maskati au Dubai, asinunue kwa kutazama tu. Afungue lenzi, amulike tochi ndani yake kutoka nyuma. Akiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, airudishe. Apige picha ya anga tupu huku tundu limezibwa hadi namba 16 au 22. Madoa meusi yakionekana mahali pale pale katika kila picha, kihisi kina uchafu. Betri isiwe imevimba. Aulize idadi ya mara ambazo shata imepigwa, ambayo fundi huweza kuisoma kwa kompyuta. Kamera ndogo hujaribiwa na viwanda kwa mizunguko kama 100,000, kwa hiyo yenye 15,000 bado ni msichana. Na adai risiti, au japo maelezo ya mwenye kamera wa kwanza. Kamera ya wizi ni ya wizi hata ikiwa rahisi.

Ikishafika nyumbani, adui wake ni chumvi, mchanga na unyevu. Lenzi asiibadilishe ufukweni; kamera nyingi za daraja hili hazina mtetemo wa kujisafisha kihisi, na punje moja ya Vumawimbi hukaa humo miezi. Akirudi pwani aifute kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji ya kisima, kisha kikavu. Vumbi la kioo asilipulizie kwa mdomo, maana mate huacha madoa. Ule mpira wa kunyonyea kamasi za mtoto mchanga, ukiwa mpya na mkavu, hufanya kazi hiyo vizuri. Wakati wa masika asiifungie kabatini ndani ya begi la ngozi, maana kuvu hupenda giza na unyevunyevu. Bakuli la plastiki lenye kifuniko kinachobana linatosha, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya chupa za vidonge. Mchele asitie, una unga.

Picha ahifadhi mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye diski nyingine, kwa kuwa kadi hufa bila kuugua. Na kila akienda mjini, Wete au Chake Chake, asafishe chache za inchi 4 kwa 6. Ampelekee kila mtu ya kwake, nyuma yake ameandika kwa kalamu jina la aliyepigwa, mahali na tarehe. Bibi akiitazama na kusema hii sikuipenda, mama aiwashe kamera pale pale barazani na kuifuta mbele ya macho yake.